Mtu Pamoja na Alichobeba

Nyumbani, 4 Machi

Kwako Wa Chini,

Mama yako hajambo, watoto hawajambo, paka hajambo, na mimi sijambo sana. Nimetanguliza hayo usije ukasoma barua yote roho juu. Simu nimejaribu mpaka nimechoka, lakini hiyo kambi yenu mtandao unafika ukiwa hoi. Basi tumerudi kwenye karatasi, mimi na wewe, kama enzi zile nilipokuwa nakuteremshia barua kwa ndoano ya kreni, nawe unazipokea mikono imejaa vigingi vya kupimia. Mafundi walikuwa wanapiga miluzi. Siku hizi barua zinapanda lori la mahitaji, na mwenye kupiga mluzi ni mama yako peke yake.

Habari yenyewe ni hii: nimepata mwalimu wa mazoezi. Usicheke. Najua umenisema mwaka mzima kuhusu hili tumbo, nami nikakujibu kwamba mtu anayeshinda hewani ana haki ya kubeba akiba. Sasa nimebadili mawazo. Mwanamume anaruhusiwa kubadili mawazo mkewe akiwa safarini, hasa akiyabadili kuelekea kule kule alikokuwa anasukumwa.

Mwalimu ni mama wa makamo, zamani alicheza mpira wa wavu, na mabega yake hayajastaafu. Watu wanamwita Taratibu, maana ndilo neno analolisema kila anapokuua. "Inama, taratibu. Nyanyuka, taratibu. Haya, tena, taratibu." Ukumbi wake uko nyuma ya mahali pa kuoshea magari, na sakafu haikauki. Siku ya kwanza alinitazama nikifunga kamba za viatu, akaniuliza, "Kila ukiinama huwa unabana pumzi hivyo?" Nikamwambia sikujua kama nabana. Akasema, "Basi tutaanzia hapo." Ndiyo, mke wangu. Nimekwenda kufundishwa kuinama.

Kazini shwari. Jengo la hospitali limefika ghorofa ya nne. Mlinzi wa getini anavaa viatu vilivyolika kisigino cha kushoto tu, na dereva wa lori la saruji ameweka jino la dhahabu, sasa anacheka hata pasipo na kichekesho.

Usiwaze lolote la huku. Wapimie hayo mabonde, bwawa lao lisimame.

Wako,
Wa Juu


Kambini, 17 Machi

Kwako Wa Juu,

Barua yako imefika inanuka vitunguu, kwa hiyo dereva aliiweka alipotaka. Nimeisoma mara mbili: ya kwanza kwa furaha, ya pili kwa jicho la pembeni. Unamkondea nani?

Mimi nakujua, baba. Hilo tumbo nililiacha likiwa na msimamo mkali. Nikikuambia tutembee jioni kidogo, jibu lako lilikuwa kwamba miguu yako ni ya ngazi ya kreni tu na haipendi kuazimwa. Leo nimeondoka, wiki haijaisha, umeshapata mwalimu. Kuna kitu. Lakini nimeamua kufurahi kwanza, kuchunguza baadaye.

Huku ni matope na upepo. Hema langu lina meza moja yenye mguu mfupi, nimeusimamishia kopo. Asubuhi tunapanda kilima na vyombo mgongoni, wanaume wawili kati ya tisa wakinifuata huku wananung'unika kwamba mwanamke gani anatembea hivi. Wananiita Mkuu. Nilitaka tu kuliandika hilo neno, Mkuu, nione linavyokaa kwenye karatasi. Limekaa vizuri.

Nisikufiche, mara nyingine naona nimewakimbia. Ungesema nisije, nisingekuja. Wewe ulinibebea sanduku mpaka kituoni, ukasema huku kila kitu kimesimama imara, nenda. Nimekuja kwa sababu ya neno lako hilo. Ukiona kinayumba, hata kidogo, niambie nirudi.

Mwambie huyo Taratibu asikuue kabla sijarudi. Nataka kukuua mwenyewe.

Wako,
Wa Chini (japo nakaa mlimani)


Nyumbani, 3 Aprili

Kwako Wa Chini wa mlimani,

Hongera, Mkuu. Nimelisoma hilo neno mezani kwa sauti, mama yako akapiga vigelegele, paka akakimbia.

Ila huyo mama yako tulipigana vita. Alisema, "Binti yangu akirudi akikuta mifupa, atasema nilikunyima." Akawa ananipakulia sahani inayotosha watu wawili na mgeni mmoja. Nikibakiza, ananuna. Nikimaliza, Taratibu ananuna. Nikawa kama mpira kati ya wanawake wawili wenye mikono mizito. Mwishowe Taratibu akaja nyumbani mwenyewe. Walifungiana jikoni muda mrefu, nikasikia vicheko, nikaogopa. Wametoka humo wakiwa marafiki. Sasa napakuliwa nusu, na mama yako, akisubiri maharage yaive, anakaa kwenye kiti na kusimama, anakaa na kusimama, bila kushika meza. Amesema magoti yamemshukuru.

Mimi mwenyewe najisikia mwepesi. Suruali ya harusi ya mdogo wako imefunga. Kumbuka mara ya mwisho ilivyonigomea mbele ya wageni. Napumua ninapoinama. Nilikuwa nakoroma, watoto wanasema siku hizi kuna ukimya mpaka wanakuja kuchungulia kama nipo hai.

Jengo linakwenda vizuri. Nimegundua kwamba fundi seremala mkuu ana vidole tisa! Miaka yote hii! Kimoja kilikatwa na msumeno akiwa bado anajifunza kazi, na akieleza kisa chake anakitafuta hewani kama bado kipo. Ana macho ya upole sana yule mzee. Kijana wa rangi anatafuna kucha. Mpishi wa wafanyakazi ana kovu shingoni, anaficha kwa kitambaa, lakini upepo ukivuma linaonekana.

Mwezi ujao nitakuwa na habari njema za kukuambia. Sasa hivi nimefunga mdomo.

Wako, tena aliyepungua,
Wa Juu


Kambini, 14 Aprili

Kwako mume wangu,

Nimekaa na barua zako zote kitandani. Si hizi mbili tu, na zile za zamani, zile za ndoano, maana natembea nazo. Wewe umeniandikia vichwa miaka yote. Kofia, vipara, vilemba, miavuli, nywele zilizoingia vumbi. Barua ya kwanza kabisa uliniandikia, "Wewe mwenye kofia ya njano iliyopasuka nyuma." Ulinijua utosi kabla ya kunijua uso. Nilikuwa nasema kwa shoga zangu kwamba nimetongozwa na mtu anayejua utosi wangu kuliko mama yangu.

Sasa niambie. Visigino vya mlinzi umeviona wapi? Jino la dereva? Kovu lililofichwa chini ya kitambaa? Macho ya upole ya seremala? Kutoka kwenye kibanda cha kreni, baba, macho ya mtu hayaonekani. Mimi kazi yangu ni kujua mtu amesimama wapi kwa kile anachokiona. Ninakupima, na kila nikikupima unatoka mahali pamoja: chini, kando ya geti, pengine hatua chache kutoka kwa mpishi.

Umeshuka lini? Na kwa nini bado unatia sahihi kwa jina hilo?

Sijakasirika bado. Naandika haraka kabla sijaanza.

Mkeo,
Wa Chini


Nyumbani, 25 Aprili

Kwako Mkuu,

Nimekamatika. Nilijua kuoa mpimaji kuna siku kutaniponza.

Nimeshushwa kesho yake baada ya wewe kuondoka. Afisa usalama alileta mikanda mipya ya kupandia ngazi, akabandika tangazo ukutani mwa stoo kwamba mkanda mmoja haubebi zaidi ya kilo mia. Kulikuwa na mizani ya kupimia misumari. Tukapanda mmoja mmoja, kila mtu anashangilia. Zamu yangu ilipofika, mshale ukaenda mpaka mia na ishirini na moja, na watu wakanyamaza. Ungekuwepo ungesikia. Mimi nimezoea kelele zao kutoka mbali, sikuwahi kusikia wakinyamaza wakiwa karibu.

Badala yangu amepanda Uzi, yule mwembamba wa zamu ya usiku. Mimi nimepewa fulana ya rangi na redio ya mkononi, nimsemeshe yeye: kulia, kushoto, shusha, simama. Miaka kumi na sita nimekuwa mwenye kuambiwa kupitia redio hiyo. Sikujua kama shingo inauma hivi kutazama juu kutwa nzima.

Kwa nini sikukuambia? Kwa sababu ungerudi. Ungefunga sanduku siku ile ile, useme nyumba inayumba, na hilo jina la Mkuu angepewa mmoja wa hao wanung'unikaji. Nami ningekutazama kila siku nikijua nimekushusha kilimani kwa sababu ya tumbo langu. Hilo nisingeliweza.

Lakini sasa sikiliza. Mizani ya Taratibu imesema! Mshale unasimama kabla ya mia. Unasimama kwa aibu, pua yake karibu iguse, lakini unasimama. Kuna kupimwa upya tarehe tano Mei, na ninakwenda pale kifua mbele. Taratibu anasema tungesubiri kidogo, lakini yeye angesema taratibu hata nyumba ikiungua. Ukiisoma barua hii, huenda tayari niko kibandani nakutafuta kwa macho upande wa milima.

Nisamehe kwa uongo. Kukonda ni kwa kweli.

Wako,
Wa Juu (tarehe tano)


Kambini, 4 Mei

Kwako wewe mwongo,

Nimekasirika siku mbili kamili. Nimempigia kelele mshika bendera ya kupimia bila kosa lolote, nimemwomba radhi, nikaendelea kukasirika kimyakimya. Umenifanya nicheke matopeni huku wewe umesimama juani na redio. Mimi na wewe tuliahidiana kwamba simu ni za habari za watoto na karatasi ni za ukweli. Usirudie.

Baada ya hizo siku mbili nikakupenda. Nimeona nikuambie waziwazi, usije ukabaki unakisia. Mtu aliyekuwa anakataa kutembea mpaka dukani ameinama na kunyanyuka miezi miwili kwenye sakafu yenye maji, asubuhi kabla ya kazi, bila hata mtu wa kumsifu. Nimewaambia kambi nzima. Wale wanung'unikaji wameuliza kama Taratibu anakubali wateja wa mbali.

Wako,
Wa Chini

Nyongeza: Kuna kitu kimenijia nikifunga bahasha. Mizani ya mwalimu unaipanda ukiwa na buti na kofia, au pekupeku? Maana mkanda utakubeba ulivyo. Uliza kabla ya tarehe tano, kama lori litawahi.


Nyumbani, 6 Mei

Kwako mke wangu,

Nimefeli.

Nilivua viatu. Nilivua saa. Nilivua hata mkanda wa suruali, nikapanda mizani nikiwa nimeshika suruali kwa mkono mmoja, na mshale ukasimama kabla ya mia. Watu wakashangilia, seremala akarusha kofia. Afisa usalama akatabasamu, kisha akaniambia kwa adabu kabisa, "Sasa vaa, kaka. Buti, kofia, redio, mfuko wa vifaa, na chupa yako ya maji." Nikamuuliza kwa nini. Akanipeleka mpaka kwenye tangazo. Mstari wa pili, ambao sikuwahi kuufikia kwa sababu ule wa kwanza uliniumiza: kilo mia, mtu pamoja na alichobeba.

Nikavaa. Mia na sita.

Unajua kinachonichoma? Miaka yote nimewafokea wafungaji mizigo kutoka kule juu. Mtu ananipimia bunda la nondo bila kupima minyororo, nagoma kunyanyua. Nawaambia, ndoano ni mzigo, mnyororo ni mzigo, kila kinachoning'inia ni mzigo. Kuna mmoja alilia. Na jana wafungaji wale wale walikuwa wamejipanga ukutani, na hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Mwezi ujao wanasimamisha kreni mpya, ndefu kuliko zote nilizowahi kupanda. Watapima mara moja tu siku hiyo. Atakayefaa ndiye atakayekaa nayo mpaka jengo liishe, na jengo ni miaka miwili. Baada ya hapo nitakuwa nimezeeka na redio mkononi. Taratibu amekuja nyumbani jioni. Sikutoka chumbani. Nilimsikia akimwambia mama yako, "Mwache leo," halafu akaondoka.

Nimekula sahani mbili. Ya pili sikuisikia ladha.

Mumeo,
Wa Chini


Kambini, 16 Mei

Kwako wewe,

Nyongeza yangu ya tarehe nne ilikutana na barua yako njiani, nadhani zilipungiana mikono. Ningekuwa na mbawa ningeileta mwenyewe.

Nimefunga sanduku. Nimelifungua. Nimelifunga tena, nikalikalia, nikawaza juu yake mpaka mchana. Nikija sasa, nitakuhurumia. Nakujua na najijua. Nitakuhurumia vizuri, kwa chakula kingi na maneno matamu, na utakubali, na mwezi utaisha tukiwa tumekaa sebuleni tunaambiana kwamba kazi ya chini nayo ni kazi. Ni kazi, sikatai, mimi nimeifanya maisha yangu yote. Ila si yako. Kwa hiyo siji. Nimeandika neno hilo machozi yananitoka, ujue.

Halafu kuna jambo la pili. Nani amekupa ruhusa ya kutumia jina langu? Wa Chini ni mimi. Nimekuwa Wa Chini tangu siku nilipotazama juu kofia ikaanguka, na siligawi kwa mtu, hata mume. Ulitia sahihi ya uongo kwa jina lako zaidi ya mwezi nikakusamehe. Kwa jina langu sikusamehe. Lirudishe.

Mia na sita ni mtu aliyepungua kilo kumi na tano. Niambie nani mwingine hapo kwenu amefanya hivyo. Uliifanya hesabu vizuri, ukaacha minyororo. Basi ihesabu. Nenda kwa Taratibu na buti zako miguuni na kofia kichwani na redio kiunoni, ufanye mazoezi ukiwa mzigo mzima. Na umwombe radhi kwa kumfungia mlango.

Mimi bado nahitaji mtu wa kuniona utosi.

Mkeo, na wa pekee mwenye jina hili,
Wa Chini


Nyumbani, 11 Juni

Kwako Wa Chini, mwenye jina lako,

Nimelirudisha. Mimi kwa sasa sina jina, natia sahihi kwa kidole gumba.

Nilikwenda kwa Taratibu nimevaa kila kitu. Wale vijana wa kuosha magari waliacha kazi. Nikamwomba radhi, akanitazama kuanzia kofia mpaka buti, akasema, "Nani amekupa akili hii?" Nikamwambia ni mke wangu. Akasema ukirudi nikulete. Kisha akaniua, taratibu. Kuinama na buti ni kitu kingine kabisa. Kofia inateleza machoni, redio inakugonga mbavu. Siku za kwanza nilitukana. Wiki hii nimejikuta ninaimba.

Chupa ya maji nimeibadili, ile kubwa nimempa mama yako anamwagilia maua. Mfuko wa vifaa nimeumwaga mezani. Nimekuta nati ambazo nimezibeba tangu jengo la benki, na jiwe. Jiwe, mke wangu! Sijui nani aliliweka, nawashuku wafungaji mizigo. Nao sasa ni rafiki zangu. Nimekula nao miezi hii, najua majina ya watoto wao. Nikirudi juu, nikimfokea mtu nitakuwa naujua uso wake. Sijui kama hilo litanifanya nifoke kidogo au zaidi.

Wanapima Jumanne ijayo. Naogopa, lakini ni hofu ya mtu aliyejiandaa, ina miguu imara. Mizani ya Taratibu nimeikataa. Nitaujua uzito wangu pale pale, mbele ya watu wote, nikiwa mzigo mzima.

Wako,
(kidole)


Kibandani, 23 Juni, asubuhi

Kwako wewe mwenye kofia ya njano,

Naandikia gotini.

Jumanne ilipita. Tisini na nane, pamoja na buti, kofia, redio, mfuko, chupa, na kalamu hii. Seremala alinikumbatia kwa vidole vyake vyote tisa. Uzi alinipa mkono akasema shingo yake ilikuwa inamuuma kuinama kutwa kutazama chini. Nilicheka mpaka nikakaa. Barua ya kukuambia haya nimeipeleka kwenye lori jana, na sasa naona lori litakwenda nayo bure.

Maana leo nimepanda ngazi yote bila kusimama, nikafungua dirisha, nikatazama vichwa vyangu. Kipara cha mlinzi. Kitambaa cha mpishi. Kofia za wafungaji mizigo, ambazo sasa zina majina. Na pale getini, kofia moja ya njano, imepasuka nyuma, na sanduku kando yake.

Sijakosea utosi huo hata siku moja. Nani alikuambia uje? Likizo? Usijibu kwa kelele, wafanyakazi wote wanakutazama.

Simama hapo hapo. Ndoano inashuka. Taratibu.

Wako,
Wa Juu


Chini ya kreni, 23 Juni, asubuhi hiyo hiyo

Kwako Wa Juu,

Mafundi wanapiga miluzi. Naandikia mgongoni kwa seremala, amekubali kuinama na anasema nifupishe.

Nimepewa wiki mbili. Nimeondoka kambini bila kujua kama umepita, kwa sababu niliona vyovyote itakavyokuwa nataka kuwa karibu na mizani. Nimefika getini, mlinzi amenionyesha juu kwa kidole. Nimetazama mpaka kofia imeanguka. Uso wako hauonekani, kama zamani. Naona mkono dirishani unapunga, na hata kutoka huku naona ni mwembamba.

Miezi minne umehangaika ili upande tena. Umepanda, nimekuona, kambi nzima itaambiwa. Kengele ya kutoka kazini ikilia nina ombi moja tu, na barua hii nimeifunga vizuri kwenye ndoano ili ikufikie.

Shuka.

Wa Chini